Nimekwama kwenye 6b na hamu imeniisha: je, niache kukwea miamba?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, naishi Nairobi, na ninakwea miamba kwa mwaka wa tatu sasa. Nilianza kwenye ukuta wa ndani, baadaye marafiki wakanipeleka kwenye miamba ya Lukenya na ya Hell's Gate, kule Naivasha. Mwanzoni nilikuwa nikiingoja Jumamosi kwa hamu. Nilitoka daraja la ugumu la 5a hadi 6b bila hata kuhisi. Sasa ni karibu mwaka mzima niko palepale. Msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga fundo amenipita, anakwea 6c. Nikiongoza kamba, nikishapita bolti ya nne, yaani chuma cha nne cha kupachikia kamba, viganja vinatoka jasho, vigasha vinawaka moto, napiga kelele 'Kaza kamba!' ili mshika kamba aliye chini anizuie, hata kabla sijaijaribu hatua yenyewe. Nikirudi nyumbani najilaumu njia nzima. Wenzangu wananiambia nijikaze, eti miili yetu ni sawa, tatizo ni kichwa changu. Mmoja amesema nikipunguza kilo tano nitapita, na nimeanza kuruka chakula cha mchana. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kinaniuma kila asubuhi. Ijumaa ikifika naomba nipate kisingizio. Je, nimefika mwisho wa uwezo wangu? Nijilazimishe, nipumzike au niache?"*

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kueleza yote bila kuficha, hata lile la chakula ambalo wengi hulinyamazia. Umeniuliza kuhusu uwezo wako na kuhusu kuendelea au kuacha. Ninayoyaona katika barua yako ni mambo manne yaliyosokotana: mwili unaodai chakula na matengenezo, maendeleo yaliyopunguza kasi, hofu ya kweli, na aibu. Ukiyachukua kama jambo moja, "kichwa changu ni dhaifu", hutapata pa kuanzia. Tuyatenganishe, na tuanze na yasiyoweza kungoja.

Chakula cha mchana kirudi leo. Sisemi hivi kwa sababu uzito hauna maana katika kukwea. Ushauri wa kilo tano unadanganya watu kwa sababu kwa wiki chache za mwanzo mtu anaweza kweli kujihisi mwepesi ukutani. Halafu deni linaanza kudaiwa. Mwili usiopata nishati ya kutosha kwa kazi unayoupa hupunguza matumizi kimyakimya: homoni hushuka, hedhi huvurugika au kukatika, mifupa hudhoofika, misuli na kano hazijengeki upya baada ya mazoezi, usingizi unaharibika, na moyo unakuwa mzito na wenye wasiwasi. Soma tena orodha hiyo. Huenda sehemu ya hofu unayoisikia Jumamosi ni njaa ya Jumatano. Tatizo hili limeusumbua mchezo wetu kiasi kwamba shirikisho la kimataifa la ukweaji lilitunga kanuni za afya kwa ajili yake zilizoanza kutumika mwaka 2024, na Janja Garnbret wa Slovenia, aliyetwaa dhahabu Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris, amelisemea hadharani. Aliyekupa ushauri ule pengine alikuwa na nia njema. Mshukuru, kisha ule.

La pili ni kidole. Kano zinazokunja vidole vyako hupita chini ya vikanda vidogo vigumu vinavyozishikilia zisiachane na mfupa. Unaposhika kijishikio chembamba kwa ncha za vidole, kifundo cha kati kikiwa kimekunjwa kabisa, vikanda hivyo hubeba mzigo mkubwa sana, na cha kidole cha pete ndicho huumia mara nyingi. Misuli ya kigasha hupata nguvu ndani ya wiki kadhaa. Kano na vikanda vyake huchukua miezi, hata miaka. Kwa hiyo mkweaji wa mwaka wa pili au wa tatu yuko katika kipindi cha hatari: misuli yake inaweza kuvuta kitu ambacho vidole bado haviwezi kukibeba. Kwa wiki tatu zijazo, achana na vishikio vidogo kabisa. Chagua vikubwa, shika kwa kiganja kilichofunguka, na usikwee siku mbili mfululizo. Maumivu ya asubuhi yasipopungua katika muda huo, mwone mtaalamu wa fiziotherapia anayejua majeraha ya wanamichezo.

Sasa nikujibu swali la kwanza. Hujafika mwisho wa uwezo wako, kwa sababu uwezo wako haujapimwa. Mtu anayekula nusu, mwenye kidole kinachouma, na anayeomba kamba ikazwe kabla ya kuijaribu hatua, hajapimwa na ile 6b hata kidogo. Na huko kukwama ni jambo la kawaida mno. Mwanzoni ulipanda haraka kwa sababu ubongo ulikuwa ukijifunza: wapi pa kuweka mguu, lini kugeuza nyonga, namna ya kusimama kwa miguu badala ya kuning'inia kwa mikono. Mafunzo hayo huja upesi. Baada ya hapo maendeleo hutegemea vitu vinavyokua polepole. Yeyote aliyekaa katika mchezo huu amepitia mwaka wa namna hiyo, na wengi zaidi ya mmoja.

Ningependa pia uelewe daraja ni kitu gani, maana umelipatia heshima lisiyostahili. Daraja ni maoni. Kwenye ukuta wa ndani ni maoni ya mtu mmoja aliyefunga vishikio siku fulani, akiwa na urefu wake na mikono yake. Nje ni maoni ya watu kadhaa waliokubaliana takribani. Lukenya ni mwamba mkongwe wa aina iitwayo nisi, unaotaka imani katika miguu. Kule Hell's Gate kuta ni za volkano, zimesimama kama nguzo zenye nyufa ndefu katikati, na mtu hupanda kwa kukaza mikono na miguu ndani ya ufa. Njia nyingi za zamani kule zilipewa madaraja ya Kiingereza, ambayo hayalingani moja kwa moja na hiyo 6b yako. Mkweaji mmoja anaweza kuruka madaraja mawili au matatu juu na chini kwa kuhama tu kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Hicho si kipimo cha kumfanya mtu ajilaumu kutoka Naivasha hadi Nairobi.

Hamu nayo ilienda wapi? Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha jaribio alilolifanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Aliwapa chemshabongo ya vipande vya kupangwa, jambo ambalo watu hulifurahia bila kulipwa. Baadhi yao akaanza kuwalipa kwa kila umbo walilolifaulu, kisha malipo yakakoma. Waliokuwa wamelipwa wakawa na hamu ndogo ya kuigusa chemshabongo ile wakati wao wa mapumziko kuliko wale ambao hawakuwahi kulipwa. Miaka miwili baadaye watafiti wengine waliona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa chekechea walioahidiwa zawadi kwa kuchora. Kitu kinachopendwa kwa ajili yake chenyewe kinaweza kupoteza ladha pale kinapogeuka njia ya kupata kitu kingine.

Wewe hakuna aliyekulipa, lakini mwaka wa kwanza ulipewa daraja jipya karibu kila mwezi, na kila daraja likapongezwa kwenye kundi la WhatsApp. Bila kujua ukahama kutoka kukwea kwa ajili ya kukwea hadi kukwea kwa ajili ya daraja. Madaraja yalipoacha kuja, Jumamosi ikabaki haina kitu. Huo si uvivu wala udhaifu, na jambo la kufurahisha ni kwamba hali hii inarekebishika.

Kuna kisa cha mlima wetu wenyewe ninachowasimulia wanafunzi wangu. Januari 1943, wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, Felice Benuzzi na wenzake, walitoroka kambi ya Waingereza ya Nanyuki ili waukwee Mlima Kenya. Viatu vya meno vya kutembelea barafuni walijitengenezea kwa vyuma chakavu. Walilenga Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, wakashindwa. Wawili kati yao wakageukia Lenana, mita 4,985, wakafika, kisha wote wakashuka na kujirudisha wenyewe kambini, wakijua adhabu inawangoja. Usiige maandalizi yao, maana walikuwa na njaa na vifaa vibovu. Ninachotaka ukione ni kwamba watu hao walishindwa lengo lao la kwanza, hakuna aliyewangoja kuwapongeza, na bado waliona safari ile ilistahili. Walichokitaka ni kuwa watu huru mlimani kwa siku chache.

Kwa hiyo, kwa wiki sita, usiandike daraja popote. Ukutani mwombe rafiki akuchagulie njia na asikutajie namba. Zibeni kabisa kile kibandiko cha daraja. Kila ukitoka, andika vitu viwili tu katika daftari: hatua moja uliyoielewa leo, na kama ulijaribu kabla ya kuomba kamba ikazwe. Hatua moja maana yake hatua moja kweli: "Nilipoweka kisigino cha kushoto kwenye kile kishikio cha kijani, mkono wa kulia ukawa mwepesi." Ukienda Lukenya, kwea njia zilizo chini kabisa ya uwezo wako, nyingi, hadi jua likuondoe. Kundi la WhatsApp linyamazishe.

Na yule msichana. Wivu hautakufanya mtu mbaya, nawe umeutaja kwa heshima bila kumtia dosari. Lakini ukiuacha hivihivi utaanza kumkwepa, na ukimkwepa utapoteza mwenzi wa kamba anayejua kitu ambacho wewe unakihitaji. Muulize waziwazi anaipitaje ile sehemu ngumu. Uwe chini, mtazame miguu yake tu, si mikono. Watu wanaokufurahia ni nusu ya raha ya mchezo huu, na huyo, nadhani, anakuhesabu kama mwalimu wake hadi leo.

Hofu nimeiacha hadi hapa kwa sababu ndiyo inayohitaji subira zaidi. Kwa msomaji asiyekwea: anayeongoza kamba hupanda kamba ikitokea chini yake, akiipachika kwenye bolti moja baada ya nyingine. Akiwa mita moja juu ya bolti yake ya mwisho akateleza, ataanguka mita mbili, na kidogo zaidi kwa kuwa kamba hunyumbuka na huwa na ulegevu. Ubongo wa binadamu kuogopa jambo hilo ni dalili ya ubongo mzima. Wenzako wanaokwambia ujikaze wanadhani hofu ni ukosefu wa nguvu. Ni kinyume chake. Mtu mwenye hofu hushika kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, na misuli ya kigasha iliyokazwa hivyo huibana mishipa ya damu iliyo ndani yake, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Damu haipiti, misuli inawaka, vidole vinafunguka. Papo hapo pumzi huzuiliwa na macho huganda kwenye vishikio vya mkono, hata kile kidato kizuri cha mguu kilicho sawa na goti hakionekani. Kujikaza juu ya kujikaza kunaongeza moto uleule.

Kuna kitu kingine unachokifanya bila kujua. Unaposema "Kaza kamba!" kabla ya kujaribu, unapata nafuu mara moja, na ubongo unaiandika nafuu ile: nimeponea kwa sababu nilikimbia. Safari ijayo kengele italia mapema zaidi. Leo ni bolti ya nne, mwezi ujao itakuwa ya tatu.

Kwanza tujue ni hofu ipi. Kwea njia nyepesi, 5a, ukiongoza, pasipo mtu wa kukutazama isipokuwa mshika kamba. Ukishikwa na ganzi juu ya bolti hata hapo, unaogopa kuanguka. Kisha kwea njia ngumu ukiwa na kamba ya juu, yaani iliyopitishwa juu yako tangu mwanzo, ambako huwezi kuanguka zaidi ya kunyumbuka kwa kamba, wenzako wakikutazama. Ukiganda hapo, unachoogopa ni kuonekana ukishindwa. Kwa jinsi ulivyoeleza safari ya kurudi nyumbani, nahisi utakuta zote mbili, na ya pili ikiwa kubwa kuliko ulivyodhani. Ya pili dawa yake ni yale niliyokwisha kuyasema kuhusu daraja na daftari, pamoja na wenzi wanaokupongeza kwa kujaribu.

Ya kwanza hutibiwa kwa kuanguka kidogo kidogo, kwa hiari yako. Fanyeni ndani, kwenye ukuta ulioinama kuja mbele, ambako ukianguka unaning'inia hewani bila kugonga kitu. Mshika kamba awe mzoefu, anayejua kukupokea kwa ulaini. Kama uzito wenu unatofautiana sana, mwombeni mkufunzi wa pale awaelekeze kwanza. Kagueni fundo lako na kifaa chake, kila mmoja cha mwenzake. Panda hadi upite bolti ya tano. Mara ya kwanza, bolti ikiwa usawa wa kifua chako, mwambie, toa pumzi, achia. Rudia hadi moyo utulie. Siku nyingine, bolti ikiwa usawa wa kiuno. Siku nyingine, usawa wa mapaja. Mianguko minne au mitano kwa siku inatosha, na uache ukiwa bado unaweza kuendelea. Mtu asikusukume kwenye mwanguko mkubwa "ili uzoee". Nimeona wakweaji wazuri walioharibiwa hivyo, wakarudi nyuma miezi mingi. Inuka ngazi moja pale tu ile ya chini inapokuwa imeanza kukuchosha.

Ukiwa kwenye njia yenyewe, sikukatazi kuomba kamba ikazwe. Ongeza tu kitu kimoja kabla yake: toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, angalia miguu, jaribu hatua moja. Ukishaijaribu, omba unachotaka. Utashangaa ni mara ngapi utajikuta umeshafika kwenye kishikio kinachofuata.

Lakini mazoezi haya usiyafanye Lukenya juu ya kingo za mawe, wala Hell's Gate kwenye nyufa ambako mtu hutegemea vyuma alivyovichomeka mwenyewe. Kuna hofu inayosema kweli. Kama chini yako kuna ukingo utakaougonga kabla kamba haijakukamata, kama mwamba unalia mtupu ukiugonga, kama mshika kamba anapiga soga, hofu hiyo itii na ushuke. Lengo letu ni uweze kutofautisha hofu hii na ile ya bolti ya nne ukutani.

Umenipa mambo matatu nichague: kujilazimisha, kupumzika, kuacha. Kujilazimisha nakukataza, sababu umeziona. Kupumzika, ndiyo: zile wiki tatu za kidole zitakupumzisha kwa kiasi. Hata hivyo mapumziko huondoa uchovu, hayaondoi hofu. Hofu ikiachwa bila kuguswa mara nyingi hunenepa, kwa hiyo weka tarehe ya kurudi na mwambie mtu. Kuacha ni haki yako pia. Hakuna aliyeandika kwamba lazima mtu akwee miamba maisha yake yote, na nimewahi kuwaona watu wakiondoka wakawa na furaha zaidi kwenye baiskeli au baharini. Ombi langu ni usiamue ndani ya gari ukirudi nyumbani Jumamosi jioni. Fanya wiki hizo sita kwanza, ukiwa umeshiba. Kama baada ya hapo bado Ijumaa inakutia huzuni, ondoka bila deni.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyatibu. Ukisikia mlio ndani ya kidole wakati wa kuvuta, ukaona uvimbe au kushindwa kukikunja, acha kukwea siku hiyohiyo na uende hospitali. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au ukijikuta unaficha chakula, unakula kupita kiasi kisha unajiadhibu, au unajipima kila asubuhi, mwone daktari na pia mshauri nasaha, usingoje uzito ubadilike ndipo uende. Hofu ikianza kukufuata nje ya ukuta, kwenye lifti, kwenye matatu, usiku kitandani, au kama uliwahi kushuhudia ajali ya kukwea na picha zake zinakurudia baada ya mwezi, hilo ni la mwanasaikolojia ana kwa ana. Vivyo hivyo kama huzuni imekaa wiki mbili na hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvutii tena.

Kabla ya Jumamosi hii, mpigie mshika kamba wako. Mweleze kuhusu kidole, kuhusu wiki sita bila namba, na kuhusu mianguko midogo unayotaka kuianza kidole kikipona. Akicheka au akikuhimiza ujikaze, tafuta mwingine wa kukushikia kamba.